Chuma Kisicho na Mlango

Jumatano chifu alipomaliza kusoma karatasi yake, hakuna aliyepiga makofi. Watu sabini na zaidi waligeuka wakanitazama mimi.

Karatasi ilisema hivi: wote waliobomolewa nyumba mwezi wa nne, ule mstari wa kando ya reli pale Kambi Muru, Kibera, watapewa viwanja vipya. Wafike ofisini kwa chifu kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na waje na vibati vyao. Asiye na kibati hana kiwanja. Orodha ikifungwa imefungwa.

Vibati hivyo niliwavua mimi. Mimi Oluoch, kwa mdomo wangu huu.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huo huo wa tisini na nne. Walikuja vijana wenye nyundo na kofia za mradi wa makazi, wakapigilia kwenye kila mlango kibati kidogo, upana wa kiganja, chenye namba iliyogongwa kwa chuma. Hawakuuliza mtu jina. Waligonga, wakaandika daftarini, wakasonga kwa jirani. Nikasimama nikitazama mlango wangu, na nilichokiona si mlango. Niliona kifua cha baba. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mzungu kule Muhoroni, kipande kikimning'inia shingoni, kile kikopo cha chuma ambacho mkoloni aliwavisha wazee wetu kama kengele ya mbuzi. Uhuru ulikuja, kipande kikaenda, lakini mpaka siku anakufa baba alikuwa akiona kofia ya askari mkono unapanda wenyewe kifuani kutafuta kile kikopo.

Kwa hiyo Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilipanda juu ya kreti ya soda nikasema. Nilisema wazungu walihesabu vibanda vya babu zetu, ikaja kodi ya vibanda. Wakahesabu ng'ombe, ng'ombe wakaenda. Mtu mwenye jina lake hapigiliwi namba kama fahali wa mnada. Leo mlangoni, kesho shingoni! Na sikudanganya hata neno moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila neno lilikuwa kweli.

Watu waling'oa kwa koleo, kwa visu, kwa mpini wa kijiko. Changu nilikitoa wa kwanza, nikakikunja kwa nyundo mbele ya wote, nikakitupa kwenye mto wa maji machafu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja tu hakupiga. Filister, mjane anayeuza dagaa wa omena, jirani yangu mlango wa tatu.

"Wuon Aketch," aliniita kwa jina la binti yangu kama tunavyoitana kwetu, "namba haili chakula. Si uiache tu hapo mlangoni?"

Nikamwambia mbele ya watu kwamba woga wa mtu mmoja ndio uliotucheleweshea uhuru. Wakamcheka. Naye akaenda akang'oa chake, namba thelathini na nane, akakitia kwenye gunia langu bila kuniangalia.

Vilikuwa sabini na kimoja. Nami, kwa kuogopa mtu asije akabadilisha nia akarudisha chake mlangoni, nikabeba gunia mpaka Kawangware kwa Khamala.

Khamala ni Mbukusu, fundi wa kuchomelea pale Kawangware 56, nyuma ya maduka ya hadiwea. Mbele ya kibanda chake utaona kazi za kila fundi: milango ya chuma, grili za madirisha, vitanda. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na vitu ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza. Mabati mazito yaliyopindwa, mabomba, springi za lori, vyote vimeungwa vikapanda juu bila kufanana na mtu wala ndege wala mti. Wateja walimuuliza, "Na hii ni ya nini, fundi?" Alijibu, "Ni ya kusimama." Basi.

Mwezi ule wa pili alikuwa akijenga kimoja kirefu kuliko yeye, matumbo manne ya chuma yamepandana, kila moja limejipinda kivyake. Alipoona vibati vyangu alitia konzi moja kwenye tumbo la juu, akatikisa, vikalia. Akatikisa tena. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyeitwa na mama yake kutoka mbali. Akavigawa vyote katika matumbo manne, akavaa miwani yake nyeusi, akafunga kila mshono. Nilirudi Kibera nikicheka peke yangu njiani.

Mwezi wa nne tingatinga likaja.

Na sasa ilikuwa mwezi wa sita, Jumatano, na Filister amesimama mbele yangu uwanjani kwa chifu. Tangu nyumba ilale alikuwa akilala na watoto wake watatu kwenye sakafu ya kanisa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Viko wapi?"

"Kawangware."

"Kesho alfajiri twende."

"Nitaenda mwenyewe, nitavileta."

"Wewe?" alisema. "Wewe sikuamini hata ukiniambia ni saa ngapi."

Alhamisi tukaenda kwa miguu, tukakata Ngong Road, tukapita Dagoretti Corner, tukashika Naivasha Road, yeye mbele, mimi nyuma kama mshtakiwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga hotuba.  Na kama Khamala amekiuza kile chuma? Kama kimekwenda?

Hakikuwa kimekwenda. Kilisimama nje ya turubai, kimepigwa brashi, kinang'aa weusi kama samaki. Khamala mwenyewe alikuwa na shati safi.

"Niaje, omera!" alinipokea, kwa neno letu la Kijaluo la kumwita mtu ndugu, ambalo hupenda kulivuruga. "Leo umeniletea bibi?"

"Bibi yako mwambie akupikie," Filister alimjibu. "Mimi nimefuata kitu changu."

Khamala alicheka, akanishika bega kunionyesha. Jumamosi lori linakuja! Mama mmoja wa jumba la maonyesho huko mjini alipita kutafuta geti, akakiona, akakizunguka nusu saa nzima, akasema kinakwenda mjini kusimama mahali pa watu kukitazama. "Kazi yangu, Oluoch. Si geti! Si kitanda! Miaka kumi na mbili niko hapa, hakuna kitu changu kilichowahi kutoka bila kwenda kulaliwa ama kufungwa kufuli."

Nikamwambia tulichokuja kutaka.

"Hapana," alisema, kabla sijamaliza.

Nikaanza hotuba. Wanyonge, haki, familia sabini na moja, damu ya mababu. Akaniinulia mkono.

"Wewe, usinihutubie. Hapa si baraza. Ulikuja na gunia ukaniambia funga. Ukaniambia funga kabisa, mtu asifungue hata akija na bunduki. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Nikafunga. Sasa shida yangu iko wapi?"

"Toboa kashimo tu, tutikise vitoke."

"Kashimo! Ndani kuna mbavu, mulamwa, shemeji yangu. Niliweka mbavu za chuma kila tumbo ili vibati vigonge huku na huku. Kwa kashimo havitoki, vitakwama. Ni kupasua. Kila tumbo, juu mpaka chini. Nikikishona tena kina makovu na kimekuwa bubu. Nani atabeba maiti na lori?"

 Filister alikuwa amekwisha kukisogelea kile chuma. Alikiwekea kiganja, akakisukuma kidogo. Kikayumba, na ndani vibati vikaanza, juu kwanza, kisha katikati, kisha chini kabisa, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya nyumba ya mabati, yale yanayokufanya uinue kichwa.

"Changu kimo humo," alisema.

"Kimo, mama."

Akakizunguka. Akainama, akachungulia. "Mlango wake uko wapi?"

"Hakina mlango."

"Kitu chenye mali za watu ndani, hakina mlango? Na wewe si fundi wa milango?"

"Ndiyo maana," Khamala alisema, na sauti yake ikashuka. "Mama, nimetengeneza milango mpaka naiota. Kila mtu anayekuja hapa anataka mlango, anataka komeo, anataka pa kutia kufuli. Hiki kimoja nikasema kisifunguliwe na mtu. Kiwe kimefungwa tu, chenyewe, mpaka mwisho wa dunia. Kimoja tu."

Filister alitikisa kichwa kama anayemwelewa kabisa. "Ni sawa," alisema. "Wangu pia haufunguki. Uko chini ya tope pale kando ya reli, na komeo lake nilinunua hapa hapa Fifty-Six. Labda kwako."

 Alikaa kwenye debe tupu la rangi, akajifunga leso vizuri, akakaa kama mtu atakayekaa.

Khamala alitazama milango yake iliyopangwa mbele. Alitazama kile chuma. Alinitukana kwa Kibukusu, maneno marefu, sikuomba tafsiri. Kisha akavua shati safi akalitundika kwenye grili.

"Sogeeni," akasema. "Cheche haziulizi kabila."

Grinda, ile mashine yake ya kukatia chuma, ilipogusa mara ya kwanza nilifumba macho. Sauti yake unaijua, inaingia kwenye meno. Tumbo la kwanza lilifunguka kama samaki, tukaingiza mikono, tukatoa vibati kumi na tisa, vimefanya rangi ya bluu na zambarau kwa moto wa kuchomelea, lakini namba zinasomeka. Filister alivipanga juu ya gunia kimoja kimoja. Thelathini na nane hakikuwamo. Tumbo la pili lilitoa ishirini na viwili. Hakikuwamo.

Grinda ilikuwa ndiyo kwanza imeuma tumbo la tatu, ikalia kilio cha kushuka, ikanyamaza. Kawangware yote ikanyamaza. Mashine za mbao, redio za saluni, kila kitu.

"Stima," alisema Khamala.

Tukangoja saa nzima. Ukingoja stima huku unaweza kuzaa na kulea. Nikawa napiga hesabu kichwani na kila hesabu ilikuja mbaya: mshono mmoja ni muda gani, Ijumaa ina saa ngapi, saa kumi ni saa kumi. Mwishowe Khamala akaleta msumeno wa mkono, ule wa kukatia chuma, wembe mwembamba kama ulimi wa nyoka. Tukapokezana, yeye, mimi, Filister. Msumeno wa chuma hautaki hasira. Ukiusukuma kwa hasira unakatika, na mimi nilikata nyembe tatu kabla Khamala hajaninyang'anya.

"Wewe shika tu kisitikisike," alisema. "Kushika unaweza?"

Jua likishuka tumbo la tatu lilikuwa limetoa kumi na saba. Jumla hamsini na nane. Thelathini na nane bado.

Lilibaki la nne, la chini, lililobeba mengine yote. Hilo Khamala alikuwa amelijenga kwa bamba la chesisi ya lori, unene wa kidole.

Jioni nilibeba vile hamsini na vinane mpaka kanisani nikavimwaga sakafuni. Watu waliinama wakatafuta. Hakuna aliyenitukana. Mzee Urbanus, fundi viatu, alipekua mara tatu, akakung'uta hata gunia lenyewe, kisha akaniuliza kwa upole, "Changu bado kinakuja, sivyo?" Nilisema ndiyo. Walikuwa kumi na watatu walioondoka mikono mitupu. Mke wangu aliniuliza chetu sisi kiko wapi, ingawa alikuwapo siku ile nilipokitupa mtoni. Alitaka tu nilitamke.

Ijumaa asubuhi nilirudi nikawakuta Khamala na Filister wamekwisha kuanza. Stima haikuwa imerudi. Bamba lile lilitaka mikato miwili kisha likunjwe kwa mtaimbo. Saa tano mkato wa kwanza ukaisha. Saa saba ule wa pili ulikuwa nusu, na nyembe zimebaki mbili. Khamala alipangusa jasho, akaangalia jua.

"Hatutamaliza hapa," alisema. "Tutamalizia huko."

Tumbo hilo lilikuwa limefungwa kwa nati nne ili lori liweze kulibeba peke yake. Akazifungua kwa spana. Tukalipakia kwenye mkokoteni, tukasukuma. Nitasema kabisa hapa, usije ukangoja: lori lilikuja Jumamosi kama lilivyoahidiwa. Dereva alitazama yale matumbo matatu yaliyopasuliwa, akauliza mzigo ni upi, na Khamala akamwambia hakuna mzigo. Mwezi ule alitengeneza milango minane.

Tulifika kwa chifu saa tisa na nusu. Karani wa mradi alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mabati, kijana mwenye tai, daftari mbele, askari mwenye bunduki mlangoni. Wale hamsini na wanane walikuwa wamekwisha kuandikwa. Hawakuwa wameondoka. Walikaa tu kando ya ukuta pamoja na wale kumi na wawili waliokuwa wakitungoja.

Tulishusha lile chuma mbele ya meza, ardhi ikatetema.

"Hiki ni nini?" karani akauliza.

"Vibati kumi na vitatu," Filister alisema.

"Sivioni."

Khamala akalisukuma kwa mguu. Vikalia ndani.

Karani akatabasamu kwanza, kisha akaona kwamba hatucheki. "Mama, mimi naandika kibati. Siandiki mlio. Leteni vibati kabla ya saa kumi."

"Ni saa ngapi?"

"Kumi kasorobo."

Khamala alipiga magoti pale pale. Nami nikapiga magoti upande wa pili nikalikumbatia lile bamba, kifua kikiwa juu ya chuma, ili lisitikisike. Msumeno ukaanza. Kwenye ukumbi wa mabati sauti yake ilikuwa kubwa mno, askari akaingia hatua mbili ndani, bunduki ikatoka begani ikaja mikononi. Nilihisi joto la chuma likipenya shatini. Kila Khamala alipovuta nilitazama ule mkato: bado vidole vitatu. Bado viwili na nusu. Wembe ukakatika. Khamala akautupa pembeni. Akafunga ule wa mwisho.

"Na ninyi," karani alisema kwa sauti ya juu ili asikike, akianza kukusanya karatasi zake, "vibati tulipigilia wenyewe milangoni. Vimeingiaje humo? Nani aliwaambia mving'oe? Kuna mtu aliwachochea?"

Msumeno ulisimama. Nikasikia watu sabini wakiacha kupumua.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa zuri, ndugu zangu. Lilikuwa na baba ndani yake, na kipande, na ng'ombe, na tingatinga lililokuja alfajiri watoto wakiwa uchi. Ningelisimamisha lile baraza! Ningemwambia yule kijana ni mimi, Oluoch, andika hilo jina, na ukishaliandika uniambie baba yako alivaa nini shingoni. Nilikwisha kufungua kinywa. Askari alinitazama, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikitoa neno moja orodha itafungwa na meza itabebwa.

Mkono wenye harufu ya omena ukanishika shingo kwa nyuma, ukaniinamisha mpaka shavu likagusa chuma.

"Wuon Aketch," Filister alininong'oneza sikioni. "Leo nyamaza. Tafadhali. Leo tu."

Nikanyamaza. Nililiuma shati langu kwenye bega.

"Hakuna mtu," Mzee Urbanus alisema kutoka ukutani. "Kutu tu. Misumari ilikuwa mibovu."

"Ndiyo, ilikuwa mibovu," mwingine akasema.

"Mradi ulituletea misumari mibovu," akasema wa tatu, na mahali fulani nyuma mwanamke akakohoa kicheko.

Khamala alikwisha kuanza tena. Alivuta polepole, polepole mno, bila hasira hata chembe, kama anayemnyoa mtoto. Karani aliangalia saa yake. Aliwaangalia watu, ambao walikuwa wamesimama sasa, hawakumsogelea, walisimama tu kati yake na mlango. Aliweka karatasi chini. Akaiangalia tena ile saa, akauvuta mkono wa shati ukaifunika.

Mtaimbo ukaingia. Tukasukuma wote watatu na Mzee Urbanus wa nne, bamba likalalama, likafunguka upana wa mkono. Filister ndiye aliyeingiza wake. Ukatoka na vibati viwili na damu, makali yalikuwa yamemchana kiganja. Akaingiza tena. Cha tano kilikuwa chake.

Akakiweka mezani. Karani alikipangusa kwa kitambaa, akasoma, akatafuta daftarini kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka nikadhani hakimo. Akaandika.

"Mwingine," alisema.

Filister alisogea pembeni akawapisha, akisokota leso kwenye kiganja. Khamala alikuwa bado amepiga magoti, mkono umezama ndani ya tumbo la chuma, akivitoa vilivyobaki kimoja kimoja na kunipa, nami nikawa nasoma namba kwa sauti, na watu wakawa wanaitikia.